Uchafu bila mizani: tutaandika namba za uongo mpaka lini?



Leo ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipomaliza chuo kikuu, diploma ya mazingira mukononi, nilipata staje ya miezi mitatu kwenye shantie moja hapa Butembo. Nyumba ya etaje, proje yenye wafadhili wa inje. Kampuni sitaitaja, sababu tabia hii si ya kampuni moja, na mukono ulioandika ulikuwa wangu. Kazi yangu ilikuwa kujaza fishi ya mazingira kila mwisho wa mwezi. Fishi ile ilikuwa na sehemu mbili za kujaza. Ya kwanza: uchafu uliotoka kwenye shantie, kwa kilo ao kwa meta kibiki. Ya pili: ni asilimia ngapi ya uchafu ule imetumiwa tena ao imeuzwa.

Nikaenda kumuuliza chef wa shantie: «Chef, mizani iko wapi?»

Akacheka. «Mizani ya nini? Sisi tunajenga, hatuuzi kakao. Andika tu 80.»

Nikaandika 80. Mwezi wa pili niliona 80 tena ingeonekana ya uongo, nikaandika 78. Mwezi wa tatu, 83. Wakati ule ule machukudu yalikuwa yanabeba matofali yaliyovunjika, simiti iliyogandamana na mabaki ya rangi, na kwenda kuyamwaga bondeni, karibu na maji ambayo watoto wanateka chini kidogo. Rapoti yangu ikapanda, ofisi kwa ofisi, na kila mahali ilipopita ikapata muhuri.

Staje ikaisha. Kazi sikupata, mupaka leo. Lakini ile 80 ingali inaishi kwenye karatasi fulani, na kuna mutu mahali fulani anayeamini kwamba Butembo kuna shantie inayotumia tena asilimia 80 ya uchafu wake. Mutu yule hakudanganywa na vita, wala na serikali. Alidanganywa na mimi.

Namba hizi zinatoka wapi?

Wengi wetu tunafikiri fishi za namna hii ni mambo ya wazungu tu, karatasi ya kujaza ili pesa itoke. Tuangalie vizuri.

Kuna miji ambako mwenye jengo akitaka liitwe «la kijani», hatoshi kupaka ukuta rangi ya kijani na kupanda maua mbele ya mulango. Lazima apate cheti. Kimoja kinachojulikana sana duniani kinaitwa LEED, cha shirika la Marekani U.S. Green Building Council, lililoanzishwa mwaka 1993. Ndani ya cheti kile uchafu wa shantie una hesabu yake. Mbele ya kuanza kazi, unaandika mupango: uchafu gani utatoka, na kila aina itaenda wapi. Kisha, kila muzigo unaotoka unapimwa, na yule anayeupokea anatoa karatasi. Mwishoni unachukua yote yaliyotumiwa tena ao kuuzwa, unayagawa kwa uchafu wote. Ile ndiyo asilimia. Katika toleo la nne la LEED, kuna njia ya kupata alama ukiokoa nusu ya uchafu kwa aina tatu za vifaa, na alama zaidi ukifika robo tatu kwa aina nne.

Angalieni kanuni mbili ndogo, zina akili nyingi. Ya kwanza: ukichagua kilo, ubaki na kilo mupaka mwisho, ukichagua meta kibiki, ubaki nazo. Hakuna kuchanganya. Ya pili: udongo unaochimbwa kwa ajili ya musingi hauhesabiwi. Juu ya nini? Sababu udongo ni muzito sana. Ukiuhesabu, kila shantie itaonekana safi, hata ile inayotupa kila kitu kingine mutoni. Aliyeandika kanuni ile alijua watu wanadanganya vipi.

Na cheti chenyewe si Injili. Kuna kingine kinaitwa EDGE, cha shirika la IFC lililo ndani ya Benki ya Dunia. Kile kinaomba jengo lipunguze walau asilimia 20 ya moto wa umeme, ya maji, na ya athari inayotoka katika kutengeneza vifaa vya kujengea. Ni vizuri. Lakini uchafu haumo katika hesabu zile tatu. Kwa hiyo jengo linaweza kubandika cheti ukutani, na takataka zake zikaendelea kuziba mufereji wa jirani. Ndiyo sababu raia lazima aulize kila mara: kijani kwa nani? Kimepimwa nini, na kimeachwa nini?

Hapa kwetu kila kitu kinapimwa, isipokuwa uchafu

Mutu asituambie kwamba watu wa huku hatujui kupima. Butembo ni muji wa biashara. Zahabu inapimwa kwenye mizani ndogo inayotetemeka hata ukipumua. Kahawa inapimwa. Beni, kakao inapimwa, na kila mukulima anajua mizani gani ni ya haki na gani imeguswa. Mama wa soko anapima maharagi kwa kopo la Guigoz, na akiligonga chini ili yashuke, munabishana. Maji yanahesabiwa kwa bidoni ya litre 20. Makala kwa gunia.

Na tusisahau Ebola. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, ugonjwa ulipotangazwa, mupaka 25 Juni 2020, uliposemwa kuwa umeisha, tulipimwa joto kwenye kila barrière. Butembo–Beni, kilometre hamsini na kitu tu, unashuka kwenye moto, unanawa mikono, unapimwa paji la uso, unapanda tena. Kila siku namba zilitolewa: wagonjwa wapya, waliokufa, waliopona. Mwishoni dunia iliandika wagonjwa 3.470 na vifo 2.287. Tulilia juu ya namba zile, tukazikasirikia, wengine wakazikataa. Lakini zilikuwepo. Na kwa sababu zilikuwepo, hata aliyesema hakuna ugonjwa aliweza kujibiwa kwa namba.

Sasa uliza: leo, kutoka Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba, uchafu wa kilo ngapi unatoka kwa siku? Kutoka Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori? Uliza kwenye kartie yako. Uliza mwenye etaje. Uliza wasomi wenzangu. Utapata jibu moja: «Uchafu ni mwingi.» «Mwingi» si namba. «Mwingi» hauwezi kupangiwa gari, wala kuandikiwa budje, wala kupelekwa mbele ya mutu aliyekula pesa.

Jetoni inahesabiwa, uchafu hauhesabiwi

Mama mumoja anayeuza sombe sokoni aliniambia hivi: «Mimi nalipa. Kila siku minalipa. Jetoni niko nazo hapa ndani ya kikwembe. Lakini uchafu inabakia palepale, inaoza mbele yangu, wateja banapita mbali.»

Muelewe vizuri anachosema mama huyu. Franka yake inahesabiwa. Jetoni ina namba. Anayekusanya lazima atoe hesabu kwa aliyemutuma, asipotimiza atajieleza. Lakini upande wa kazi, upande wa uchafu wenyewe, hakuna kaye. Hakuna anayeandika: leo magari mawili yametoka, yamebeba kiasi hiki, yamemwaga mahali fulani. Pesa inapimwa ikiingia, kazi haipimwi ikitoka. Hapo katikati ndimo kila kitu kinapotelea.

Wazee wa biashara wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Musemo huu munaujua, unabandikwa hata kwenye butiki. Sisi tunaongeza: kodi bila daftari nayo hupotea bila habari.

Wanaookota wapo, lakini hawaonekani

Kuna uongo mwingine ambao fishi yangu ilificha, na huu unauma zaidi. Pale shantie, kweli kuna vitu vilikuwa vinatumiwa tena. Si 80, lakini vilikuwepo. Mbao za kofraje na miti ya eukaliptusi inatoka shantie moja kwenda nyingine mupaka ivunjike. Mifuko ya simiti inachukuliwa. Vipande vya fero vinakwenda kwa wanunuzi wa mitraye. Matofali yaliyovunjika yanajaza mashimo ya barabara. Bidoni hazitupwi hata siku moja. Maganda ya ndizi yanaliwa na mbuzi, mengine yanarudi shambani.

Nani anafanya kazi hii? Ni vijana wenzetu, na watoto ambao wangepaswa kuwa darasani. Wanabeba, wanachambua, wanajikata mikono. Wakifika kwa mununuzi, mizani ni ya mununuzi. Yeye ndiye anayesoma kilo, yeye ndiye anayetaja bei. Mwenye mizani ndiye mwenye ukweli. Mukulima wa kakao anaijua hadithi hii vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo, kama hatupimi, hatufichi uchafu tu. Tunafutilia mbali pia kazi ya watu wanaousafisha muji bila mushahara. Chef aliniambia niandike 80. Hakuna hata kijana mumoja kati ya wale wa mitraye aliyeandikwa. Namba ya uongo ilichukua heshima yao, ikampa mwenye shantie.

Nairobi kuna dada anaitwa Nzambi Matee. Anachukua plastiki iliyotupwa, anaichanganya na muchanga, anatengeneza vitofali vya kutandika chini. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimupa tuzo ya vijana wa mazingira. Kazi ya namna ile haianzi na mashine. Inaanza na kujua: plastiki ya aina gani, kilo ngapi kwa wiki, inatoka wapi. Kijana wa Beni mwenye wazo kama lile akienda kuomba deni leo, atauliziwa namba zile. Atajibu «iko mingi»?

«Watu wanachinjwa, na ninyi munaongea pubele?»

Najua kuna watakaoandika hivi. Ni swali la haki, na hatutalikimbia.

Tangu Oktoba 2014 tunazika watu wetu kuzunguka Beni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Familia zimeacha mashamba, zimejaa katika miji yetu, nyumba moja inalala familia tatu. Tangu Goma ilipochukuliwa Januari 2025, uongozi wa jimbo umehamia Beni, na watu zaidi wakaja nyuma yake. Hakuna anayesema uchafu ni sawa na damu. Apana.

Lakini tufikiri. Tulipopigania waliouawa wahesabiwe, kila mumoja kwa jina lake, na siyo kusema tu «watu kadhaa», tulikuwa tunapigania nini? Tulikuwa tunakataa maneno yasiyo na hesabu. Kiongozi aliyezoea kwamba raia hahesabu kitu kidogo, hataogopa raia akiuliza kitu kikubwa. Mutu anayeandika 80 bila kupima uchafu, kesho ataandika namba ya askari, ya mifuko ya unga ya wakimbizi, ya kilometre za barabara. Ni kalamu ile ile.

Kisha, mufereji ulioziba haungoji amani irudi. Mvua ikinyesha leo, maji yanaingia leo, na yanaingia kwanza kwa yule aliyekimbia na kupanga chumba cha chini, karibu na bonde.

Na haki iko. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira safi, na pia kazi ya kuyalinda. Kuna sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira. Kuna dekreti ya 30 Desemba 2017 inayokataza sashe za plastiki. Nenda dukani sasa hivi, nunua mukate, uone utapewa ndani ya nini. Sheria isiyokuwa na kipimo ni kama hotuba ya arusi: kila mutu anapiga mikono, kesho yake hakuna anayeikumbuka.

Kupima si kazi ngumu

Tusiseme tunangoja mashine. Hesabu ya kwanza tunaweza kuifanya tukiwa tumekaa.

Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliandika kwamba katika Afrika kusini ya Sahara, mutu mumoja anatoa wastani wa kilo 0,46 za takataka kwa siku. Nyumba ya watu saba: kilo 3,2 kwa siku, karibu kilo 97 kwa mwezi. Watu 100.000: tani 46 kila siku. Gari la tani tano lingefanya safari tisa na bado lingeacha tani nzima nyuma. Sasa simama barabarani siku moja, uhesabu magari ya uchafu unayoyaona yakipita.

Wastani ule ni wa nchi nyingi, si wa Butembo wala wa Beni. Kwa hiyo tupime ya kwetu. Njia ni hii:

Chukua mifuko ya aina moja, isiwe mumoja mukubwa na mwingine mudogo. Chambua: maganda na mabaki ya chakula; majivu na udongo wa kufagia; plastiki; vyuma; vingine. Pima kwanza mifuko kumi ya kila aina, tafuta wastani wake. Baada ya hapo huhitaji mizani kila siku: unahesabu mifuko tu, unazidisha. Andika na tarehe, sababu siku ya soko si sawa na siku nyingine, na uchafu ulionyeshewa mvua unadanganya mizani.

Andika kilo, andika na ukubwa. Mimi nilijaribu nyumbani kwetu kwa wiki moja, kwa mizani ya kuazima, wadogo zangu wakinicheka. Nilijifunza kitu ambacho darasani sikukielewa: mufuko wa sashe unajaa haraka kuliko yote na karibu hauna uzito, na ndoo ndogo ya majivu na maganda inakuvunja mugongo. Mwenye kutaka kuonekana safi atachagua kipimo kinachomupendeza. Atasema kwa kilo plastiki yake ni kitu bure, wakati kwa macho imejaza mufereji muzima. Namba zangu sizibandiki hapa kama namba za muji. Nyumba moja si muji. Lakini nyumba mia moja zikipima, tutaanza kuongea.

Tunachoomba

Kwa wenye kujenga etaje: kwenye kibao cha shantie, pale munapoandika jina la enjinia, ongezeni mustari mumoja: uchafu unaenda wapi. Muzigo usitoke bila karatasi. Na karatasi isitaje «udongo» ili kuficha kingine.

Kwa wafadhili: mukipokea rapoti inayosema 80, ulizeni karatasi za mizani. Zikikosekana, musipige muhuri. Muhuri wenu ndio uliotufundisha kusema uongo kwa Kifaransa kizuri. Na katika budje wekeni mizani na mushahara wa mupimaji, siyo fishi peke yake.

Kwa meya na waburgumesti wa miji miwili: kila mwisho wa mwezi, bandikeni mbele ya ofisi ya komine karatasi moja yenye mistari mitatu. Kodi ya usafi iliyoingia. Safari za gari zilizofanyika na uzito uliobebwa. Mahali ulipomwagwa. Mistari mitatu tu, haiombi semina.

Kwa vyuo vyetu: kila mwaka munatoa vijana wenye mafunzo ya mazingira, ya uhandisi, ya uchumi. Wapeni kazi ya mwisho wa masomo iliyo na mizani ndani yake. Tuko wengi tusio na kazi, tunakaa kwenye kona tukihesabu moto zinazopita. Kuhesabu tunajua. Tupeni kitu cha kuhesabu.

Na kwa sisi wenyewe: siku ya salongo, mbele ya kuchoma ao kutupa, tupime. Mutu mumoja kwa kila kundi awe na kaye. Tupige picha ya mizani, siyo picha ya sisi tukishika mifagio. Vijana wa mitraye tusiwafukuze; tuwaite, tupime nao, waone kilo zao kwa macho yao mbele ya kufika kwa mununuzi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kwanza uwe na kibaba.

Hatuombi Butembo na Beni zipewe cheti cha kijani. Tunaomba ukweli mudogo, wa kilo. Siku cheti kitakapokuja, kitakuta kaye zetu zimejaa.

Mimi ninaanza. Ile 80 niliyoandika, naifuta hapa mbele yenu. Na 78, na 83. Mahali pake naandika kile ambacho ningepaswa kuandika tangu siku ya kwanza: *haikupimwa*.

Nawe, kama kuna karatasi uliyoijaza hivyo, unajua cha kufanya.

Tupime. Tuandike. Tubandike.